Jicho la Kushoto la Sajini

Nilifundisha elimu ya macho kwa muda mrefu bila kuona jicho hata moja la mwanafunzi. Gonjwa lilikuwa limefunga vyuo, wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne wametawanyika makwao, nami, mwalimu msaidizi mgeni katika idara, nimebaki katika chumba changu cha kupanga Kamwokya, mtaa wa Kampala, nikizungumza na skrini iliyojaa vijisanduku vyeusi. Kamera walizizima. Walisema zinakula bando, na sikuwa na haki ya kubisha, kwa kuwa nami nilizima yangu kila nilipotaka kunywa chai. Kila somo lilianza kwa maswali yale yale: mnaniona? mnanisikia? Siku moja, katikati ya mada ya mboni, nilitambua kwamba huenda mimi ndiye daktari wa macho pekee mjini anayewauliza watu kama wanaona, halafu anaendelea na kazi bila kungoja jibu.

Darasani tulitumia Kiingereza, kama ilivyo desturi ya chuo. Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu. Wazazi wangu walivuka mpaka kutoka Kenya kuja kufanya biashara kabla sijazaliwa, na yaliyosemwa kwa Kiingereza nimeyaandika hapa katika lugha ninayofikiria.

Nilikuwa na imani, tena imani ya aina inayowachosha watu wazima. Niliamini kwamba daktari aliyepelekwa wilaya ya mbali, pasipo mashine wala mtaalamu, akiwa na tochi tu na akili iliyofunzwa, anaweza kuokoa uoni wa mtu. Tochi kila mwanafunzi alikuwa nayo, ndani ya simu. Wagonjwa pia walikuwapo: baba, mama, majirani, wote wamefungiwa pamoja nao bila kazi. Kwa hiyo niliona, na niliandika hivyo katika waraka wenye kurasa nyingi kuliko ilivyohitajika, kwamba gonjwa lilikuwa limetuletea wodi kubwa kuliko zote nchini.

Mkuu wa idara aliusoma waraka ule akanipigia simu.

"Kijana wangu," alisema, "umeandika vizuri. Nimelia mara mbili. Sasa niambie, mwanafunzi akimchoma bibi yake kidole jichoni, nani atakayejibu?"

Alikuwa mzee wa Kiganda mwenye ucheshi usiotabasamu. Wazazi wetu wangesema ana maneno. Alikuwa ameyatazama macho ya watu wa Kampala tangu kabla sijajua kusoma, na hakuwa na chuki na mafunzo ya mtandaoni. Hakuyaamini tu, kama mtu asivyoamini mkate uliookwa kwa picha.

Imani yake ilipungua zaidi siku ya jicho la ng'ombe.

Nilikuwa nimekwenda soko la Nakasero asubuhi, barakoa usoni, kumwomba mchinjaji jicho zima. Aliniuliza kama ni la supu. Nilipomwambia ni la kufundishia, alinichagulia kubwa zaidi, akalifuta kwa kitambaa chake kwa heshima, kana kwamba lingekwenda kuhutubia. Chumba changu ni kidogo, nikaona niweke ubao wa jikoni kwenye ukuta mfupi wa uani, penye mwanga, na simu niiegemeze kwenye birika. Siku hiyo wanafunzi waliwasha kamera kwa mara ya kwanza. Niliwaonyesha konea, ule utando angavu wa mbele, nikaeleza jinsi ya kushika wembe, na nilipobonyeza ili kukata, jicho likateleza. Lilidunda mara moja ukutani, likapita juu ya mkono wangu, likazama katika beseni la maharage ambayo mama mwenye nyumba alikuwa ameyaroweka.

Vichwa vyote kwenye skrini vilisogea karibu. Kisha nikaisikia sauti ambayo sikujua kwamba imeingia darasani.

"Mgonjwa amekwenda wapi?" aliuliza mkuu wa idara.

Mama mwenye nyumba alitokea wakati huohuo na mwiko mkononi. Aliinama, akatazama ndani ya beseni, na beseni likamtazama.

"Mwalimu," alisema kwa upole wa kutisha, "haya maharage utayala wewe."

Darasa zima lilisikia. Tangu siku hiyo waliacha kuniita mwalimu wa macho, wakaniita mwalimu wa maharage, na mahudhurio yakaongezeka.

Juma lililofuata ndipo habari mbaya ilipokuja. Bodi ya kitivo ilikuwa inataka masomo yote yanayohitaji wagonjwa yaahirishwe hadi wodi zitakapofunguliwa, na hakuna aliyejua zitafunguliwa lini. Bila somo la macho, wanafunzi wangu wasingeingia mwaka wa tano. Wangekaa makwao wakisubiri, na baadhi yao nilijua hawangerudi. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa ameanza kuuza mkaa, na mwingine wa Bwaise, mtaa wa mabondeni, aliyehudhuria masomo ya msimu wa mvua akiwa amesimama kitandani. "Maji yameingia, mwalimu," alikuwa akisema, "lakini endelea, nakusikia." Ningewaambiaje watu hao wasubiri?

Nilikwenda ofisini kwa mkuu wa idara kwa miguu, kwa kuwa magari yalikuwa yamezuiwa, nikasimama mlangoni nikitokwa na jasho na hoja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniwekea sharti.

"Ijumaa ijayo nitaingia darasani kwako. Nitachagua mwanafunzi mmoja, mimi, si wewe. Atapima mtu wa kweli mbele yangu, mtu yeyote aliye naye hapo nyumbani. Akiona kilichopo, na asione kisichokuwapo, nitakwenda kwenye bodi kusema somo lako lihesabiwe kwa wote. Akishindwa, wote watasubiri wodi. Tumeelewana?"

"Mwanafunzi mmoja kwa niaba ya darasa zima, profesa? Si haki."

"Si haki," alikubali. "Lakini mgonjwa naye huja kwa daktari mmoja tu."

Basi tukaanza mazoezi. Niliwatumia karatasi ya kupimia macho, ile ya alama zenye meno matatu kama uma, ambayo anayepimwa hahitaji kusoma herufi: anasema tu meno yameelekea wapi, juu, chini, kulia au kushoto. Alama huanza kubwa mstari wa kwanza na kupungua hadi mstari wa mwisho. Kila mwanafunzi aliichora kwa mkono kwenye karatasi ngumu, akaitundika ukutani, akapima kila aliyekubali, kisha akanitumia majibu.

Majibu yaliyonishangaza zaidi yalitoka kwa binti mmoja aliyekuwa kwao, katika kambi ya polisi ya hapa mjini. Alikuwa msichana makini, mwenye sauti ya chini, mtoto wa sajini wa kaskazini anayeendesha gari la doria. Kulingana na ripoti yake, kambi nzima ilikuwa na macho kamili. Hakuna hata mtu mmoja aliyekosa alama. Nilisisimka, nikaanza kuwaza juu ya lishe, na juu ya makala ambayo ningeweza kuandika. Nilimsimulia mkuu wa idara.

"Hata wastaafu?" aliuliza.

"Hata wastaafu."

"Basi tufunge idara, tuhamie huko."

Nilimpigia binti simu. Alisema, "Mwalimu, nami nimeshangaa. Kuna nyanya mmoja anashikwa mkono kwenda msalani. Amesoma mpaka mstari wa mwisho."

"Unampimia wapi?"

"Barazani. Ndani giza. Wengine wanasubiri kwenye foleni."

"Na wanajibu kwa sauti?"

Kabla hajajibu, kwa nyuma, kwenye simu yake, nilisikia watoto wakiruka kamba na kuimba kwa mdundo: juu, kulia, kulia, chini! kushoto, juu, kushoto, chini! Ulikuwa mstari wa tatu. Watu wa kambi, ambao maisha yao yote yamepangwa kwa amri za gwaride, walikuwa wakijibu kama wanavyojibu uwanjani, kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni, na waliosubiri walijifunza mistari yote kabla zamu yao haijafika. Aliyekuwa wa mwisho angeweza kusoma karatasi ile akiwa ndani kwake na mlango umefungwa.

Tulicheka mpaka simu yangu ikaishiwa chaji. Nilimwagiza achore karatasi mpya, yenye mpangilio mwingine, aitundike sebuleni kwao na kupima mtu mmoja mmoja. Akafanya hivyo.

Ijumaa ilifika. Darasa lote liliingia, kamera zote zimewashwa bila kuombwa, na wengi, bila shaka kwa hofu, walikuwa wamevaa makoti meupe juu ya nguo za nyumbani. Mkuu wa idara alifumba macho, akasogeza kidole mbele ya skrini, akakishusha.

"Huyu."

Alikuwa binti wa kambini.

"Uko na nani hapo, binti?"

"Na baba, profesa. Wengine wameenda kuchota maji."

"Basi tuletee baba."

Niliomba kwanza nizungumze naye, kwa sababu nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hakuna mtu atakayepimwa mbele ya darasa bila kukubali mwenyewe. Sajini alikaa mbele ya simu, shati lake la sare limepigwa pasi, vifungo vinang'aa, ndevu zimenyolewa upya. Nilimweleza kwamba wanafunzi wengi wanamtazama, na kwamba anaweza kukataa bila kumkosesha binti yake chochote.

"Mwalimu," alijibu, "mimi nakataa kwa nini? Ruhusa imetoka."

Binti alianza vizuri. Alimuuliza baba yake historia yake kwa Kiswahili cha kambini, akatutafsiria. Hakuna maumivu, hakuna ajali, hakuna miwani. Akamsimamisha mwisho wa chumba, akamwambia afunike jicho la kushoto kwa kiganja, akachukua kijiti na kuanza kuonyesha alama. Sajini alisubiri kijiti kifike, akakaza jicho la kulia, akajibu. Alama zote zilikuwa sahihi.

Kisha akamwambia afunike la kulia. Sajini akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga ripoti.

"Chini, kulia, juu, juu, kushoto!"

Kijiti kilikuwa bado katika alama ya pili.

Niliona uso wa binti ukibadilika. Nadhani aliona katika dakika hiyo yote ambayo nami niliyaona: kwamba baba yake ameifahamu karatasi mpya, kwamba mkuu wa idara anatazama, na kwamba njia rahisi ilikuwa kuandika "macho kamili", kushukuru na kukaa. Darasa zima lilikuwa limesimama juu ya kijiti kile. Nilitaka kusema neno. Sheria ya mtihani ilinikataza, nikauma ulimi.

"Baba," alisema, "tunarudia."

"Kwani imekosea?"

"Hapana. Tunarudia tu."

Safari hii alianza mwisho wa mstari akirudi nyuma. Sajini, jicho la kushoto limetazama mbele kwa ushupavu, akaanza upya kwa sauti ileile: "Chini, kulia, juu, juu, kushoto!" Kati ya alama tano alipata ile ya katikati tu, ambayo haikuwa na namna ya kukosewa.

Mtu mmoja darasani alisahau kuzima kipaza sauti, na kicheko chake kilijaza vyumba vyetu vyote. Mkuu wa idara alijisogeza karibu na kamera. Yeye ni wa kizazi kilichosikia Kiswahili kwanza kutoka kwa watu wenye bunduki, na sikuwahi kumsikia akikitamka. Siku hiyo alikitamka.

"Afande," alisema, "wewe nasoma halaka sana. Fimbo bado, wewe kwisha fika."

"Ndiyo, mkubwa."

"Nani amekufundisha?"

Sajini alimtazama binti yake, kisha akatutazama sisi.

"Mkubwa, mtoto amesema profesa anakuja kukagua. Sasa kwetu mkubwa akikuja kukagua, watu wanafanya mazoezi. Tunapaka mawe rangi nyeupe, tunafagia, tunajua majibu. Mimi nimefanya mazoezi siku zote hizi, yeye akienda kuchota maji. Nasoma na hii ya kulia, naweka kichwani. Nilitaka apate alama mzuri."

Aliyecheka alizima kipaza sauti chake. Binti alikuwa ameshika kijiti kwa mikono miwili.

"Baba, huu si mtihani wako," alisema. "Ni wangu."

"Najua ni yako. Ndiyo maana nimesoma."

Sitasahau alichofanya baada ya hapo. Hakubishana. Alifunga pazia, akawasha tochi ya simu ya mama yake, akamwambia baba atazame mbali, ukutani. Alimulika jicho la kulia: mboni zote mbili zikafinyaa, kama inavyopasa. Akahamisha mwanga haraka hadi la kushoto, na hapo, wakati mboni ilipaswa kubaki ndogo, ilitanuka polepole, kana kwamba mtu ameingia chumbani na kuzima taa. Alirudisha mwanga kulia: zikafinyaa. Kushoto: ikatanuka. Jicho la sajini lilikuwa limekariri kila kitu isipokuwa hicho.

Kisha akamwomba afunike tena jicho la kulia na kutazama pua ya anayempima, akachezesha vidole pembeni, juu na chini, na sajini, ambaye sasa alijibu kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye nyumbani kwake, alisema haoni, haoni, haoni, sasa anaona.

Binti aligeukia kamera.

"Profesa, jicho la kushoto lina shida katika mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa umri wake, na kwa kuwa hakuna maumivu, nahofia ni presha ya macho. Ningempeleka hospitali bila kuchelewa, ili la kulia liangaliwe pia."

Mkuu wa idara aliandika kitu kwenye karatasi, akakisoma, akakipigia mstari.

"Simu hudanganya," alisema hatimaye. "Nimeona kitu cheusi kikikua na kupungua. Huenda ni mboni, huenda ni bando linaisha. Jumatatu mleteni kliniki. Nikikiona kwa mashine kile ambacho huyu binti amekisema, somo litahesabiwa kwa wote. Nisipokiona, tutasubiri wodi. Mchana mwema."

Kliniki ilikuwa imebaki wazi kwa wagonjwa wa dharura tu. Jumatatu nilikuwa langoni mapema, na niliwaona wakifika kwa gari la doria la bluu, likaegeshwa kwa mstari ulionyooka kama rula. Binti alishuka upande wa abiria, uso umepauka.

"Nani ameendesha?" nilimuuliza.

"Mimi," sajini alijibu akifunga mlango.

"Mzee, na lile jicho?"

"Mwalimu, barabara iko tupu. Na hata gari ikikufa taa moja inafika, mradi unajua njia."

"Nimemwambia," binti alisema. "Nimemwambia kutoka nyumbani mpaka hapa."

"Amenipigia kelele mpaka nikapita taa nyekundu."

"Hukupita kwa sababu ya kelele, baba. Hukuiona."

Tulikaa kwenye benchi la korido, mmoja mmoja kwa umbali ulioagizwa, barakoa usoni. Simu yangu ililia mara kwa mara: darasa zima lilikuwa linauliza. Bado? Vipi? Mwalimu wa maharage, sema neno. Sajini alinitazama nikiijibu.

"Hawa watoto wanangoja nini?"

Nilimweleza kwa ukweli, kwa kuwa alistahili kuujua. Nilisema kwamba profesa akiona ugonjwa ule ambao binti yake aliutaja, wanafunzi wote wataendelea na masomo. Asipouona, watabaki nyumbani.

Aligeuza jambo hilo kichwani.

"Kwa hiyo nikiwa mgonjwa, wote wanapita."

"Si hivyo hasa, mzee."

"Nikiwa mzima, wote wanafeli."

"Hawafeli. Wanasubiri."

"Mwalimu, usinizungushe. Wewe unataka nini? Niwe mgonjwa ama mzima?"

Nilikuwa na shahada, na nilikuwa na kurasa zangu nyingi kuhusu wajibu wa daktari, na hapakuwa na hata ukurasa mmoja uliogusa swali hilo. Tangu Ijumaa nilikuwa nimelala na kuamka nikimwombea mtu huyu ugonjwa. Sikuwa nimeliita hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimtaka awe na presha ya macho, ya wazi, ya kitabuni, na nilitaka mkuu wa idara aione. Na mwenye jicho lenyewe alikuwa amekaa hapo mbele yangu, kofia magotini, akingoja nimjibu.

"Nataka ukweli, mzee," nilisema.

"Hiyo jibu ya mkubwa," alisema, akavaa kofia, akaivua tena. "Mimi nataka wapite."

Binti alikuwa ameinamia viatu vyake. "Mimi nataka niwe nimekosea," alisema kwa sauti ambayo nadhani haikukusudiwa tuisikie.

Mkuu wa idara alimwita sajini ndani, nasi tukasimama ukutani. Alimweka kidevu kwenye mashine, akapima presha ya jicho moja, kisha la pili, akaweka matone ya kutanua mboni, akasubiri, akatazama ndani ya jicho la kushoto. Aliguna. Nilikuwa nimewahi kuisikia miguno yake mingi na sikuutambua huo. Alihamia la kulia akakaa huko muda mrefu zaidi. Sajini hakupepesa, alikuwa amenyooka mgongo kama aliyesimama mbele ya bendera.

"Binti," mkuu wa idara alisema, akiinuka kitini. "Njoo uone ulichokisema."

Alikaa akatazama. Nami baadaye nilitazama. Pale ambapo mshipa wa jicho huingia, sehemu ambayo kwa mtu mzima wa afya ni ya rangi ya waridi yenye kishimo kidogo, upande wa kushoto palikuwa pameliwa, peupe, pamebaki ukingo mwembamba. Kulia kishimo kilikuwa kimeanza kupanuka, lakini ukingo wake bado ulikuwa mnene.

"Afande," mkuu wa idara alisema, na safari hii maneno yake hayakuwa na mzaha, "ya kushoto imekwenda. Mimi siwezi rudisha. Ya kulia bado yako. Utatia dawa kila siku, maisha yote, na ya kulia itabaki. Umeelewa? Na gari, kwanza unaacha. Mpaka tupime vizuri."

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Wa darasa. Wamepita?"

Mkuu wa idara alinitazama juu ya barakoa yake, kwa macho yaliyochoka na yenye ukorofi.

"Somo lihesabiwe," aliniambia kwa Kiingereza. "Wote. Nitawaambia bodi. Na ule waraka wako, punguza kurasa kabla sijawapelekea. Watalia."

Sajini hakungoja tafsiri, aliniona usoni. Alipiga saluti, moja kali, iliyogonga visigino.

Nilitoka koridoni kuwaandikia. Neno moja tu lilitosha, na simu ikaanza kutetemeka mkononi bila kupumzika: vigelegele, ngoma, mikono iliyoinuliwa, mtu aliyeandika kwamba ameruka mpaka kichwa kikagonga dari, yule wa Bwaise akiuliza kama anaweza sasa kushuka kitandani. Nilicheka peke yangu, nikaona haya kwa kucheka, na bado nikacheka. Jina la binti wa kambini halikuwamo miongoni mwa walioandika.

Nilimkuta kwenye benchi na baba yake, kichupa cha dawa mkononi. Muuguzi alikuwa amewaonyesha namna ya kutia matone na kuwaachia wajaribu wenyewe.

"Afande, tazama juu," binti alisema.

"Natazama."

"Hutazami. Umefumba."

"Sijafumba. Inajifumba."

"Basi nivute kope mimi. Tulia. Usinishike mkono, baba."

"Unaleta kwa haraka. Leta kwa amri, niko tayari."

"Juu!"

Tone lilianguka shavuni, likateremka hadi kwenye ukosi wa sare. Walilitazama wote wawili. Binti akafuta kwa kiganja, akakiinua kichupa tena.